Mashine inasema "hakuna diski", kumbe diski ziko: kuinstale Windows ya zamani kwenye RAID bila disketi

Mu studio yetu kuko mashine moja ambayo vijana wanaiita "mzee". Ni nyeusi, nzito, na ilifika hapa kama okazioni kutoka Ulaya, miaka mingi imepita. Hatuiachi juu ya sababu moja tu: karte ya sauti iliyo ndani yake ni ya kazi ya redio, inatoa sauti safi, lakini waliyoitengeneza waliishia kwenye Windows XP. Ukiweka Windows mpya, karte inanyamaza. Na ndani ya ile mashine, kwenye sehemu ya D, kulikuwa sauti zetu za miaka: vipindi, matangazo ya watoto waliopotea, mahojiano na wazee ambao leo tumekwisha kuwazika.

Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Asubuhi Windows ikakataa kuwaka. Tukaita kijana mmoja fundi. Akaweka CD ya XP, akangojea, na ekrani ya buluu ikaandika kwamba haikuona diski hata moja. Akatugeukia: "Yaya, hizi diski mbili zote zimekufa. Mulete dola mia moja na makumi mbili nitafute zingine." Watu wakanyamaza mu ofisi. Mama mmoja anayetangaza asubuhi akaketi chini.

Diski hazikukufa. Hata moja.

Tangu siku ile nimesikia habari sawa na hiyo mara nyingi: kwa mtunza hesabu wa shule, kwa kituo cha afya ambacho mashine ya laboratware inaongea na XP peke yake, kwa wachuuzi wanaoleta serveri za okazioni. Kila mara CD inasema hakuna diski, na kila mara kuko mtu anayetaka kuuzisha diski mpya ao kubomoa zile za zamani. Ndio maana nimeona vema nieleze pole pole kitu gani kinapita pale, na namna ya kutoka.

Diski mbili, kaye mbili

Tuanze na neno RAID. Wazo hili liliandikwa vizuri mwaka 1988 na watafiti watatu wa chuo kikuu cha California kule Berkeley, Marekani: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Wakati ule diski moja kubwa ilikuwa na bei ya kutisha. Wao wakasema: tuchukue diski ndogo ndogo za bei ya chini, tuzifunge pamoja, mashine izione kama diski moja.

Fikiria chama chetu cha AVEC, pale mtaani. Ukiweka waandishi wawili, na kila mmoja anaandika maneno yale yale mu kaye yake, basi kaye moja ikianguka mu maji, ile ingine inabaki na yote. Hiyo ndio RAID 1, na ndio ilikuwa kwetu: diski mbili za GB 250, lakini mashine inaona GB 250 tu, juu moja ni sura ya ingine.

Kuko RAID 0. Hapo mwandishi wa kwanza anaandika nusu ya mustari, wa pili anaandika nusu ingine. Kazi inaenda mbio, nafasi ni mara mbili, lakini kaye moja ikipotea, ile inayobaki haisomeki. Mimi siiwezi kuiweka mahali kuna kitu cha maana. RAID 5 inaomba diski tatu ao zaidi: ni kama unaandika hesabu mbili mu kaye mbili, halafu jumla yake mu kaye ya tatu. Kaye moja ikipotea, unatoa na unapata ile iliyokosekana. Ndani ya mashine hesabu ni ya namna ingine kidogo, lakini wazo ni lile.

Kitu cha kushika: mwenye kuongoza waandishi hawa ni kontrolere. Inaweza kuwa karte ya pekee ndani ya serveri, ao kipande kidogo kwenye karte mere. Windows haiongei na diski moja kwa moja. Inaongea na kontrolere, na ili waelewane inahitaji mkalimani. Mkalimani huyo ni programu ndogo inayoitwa piloti.

Hapo njo shida yetu inazaliwa.

Juu ya nini CD haioni kitu

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. CD yake inabeba piloti za kontrolere zilizokuwa zinajulikana wakati ule. Kontrolere zilizozaliwa nyuma yake hazimo. Mashine yetu iko na kontrolere ya Intel ya miaka ya 2005 hivi. CD haijapata kusikia jina lake.

Kitu kinachochanganya watu ni kwamba CD yenyewe inawaka vizuri. Unajisemea: kama inawaka, mashine ni nzima, basi diski njo mbaya. Hapana. Mwanzoni kabisa ni BIOS, ile programu ya ndani ya karte mere, ndiyo inayosoma CD. Kisha dakika chache, programu ya kuinstale inashika usukani na kutumia piloti zake yenyewe. Kuanzia pale, kile ambacho haina piloti yake, kwake hakipo. Ni kama mgeni aliyefika sokoni Kadutu usiku bila taa, na anasema soko haina watu.

Wale waliotengeneza Windows walijua shida hii. Ndio maana, ekrani ya buluu ikifunguka tu, chini kabisa kunapita mustari mmoja unaosema kufinya F6 kama uko na piloti ya SCSI ao ya RAID. Mustari ule unakaa sekunde chache tu, na wengi hawauoni. Ukifinya F6, mashine haijibu papo hapo. Inaendelea kupakia vitu, mpaka unafikiri umekosa. Kisha inakuuliza. Unafinya S, na inakuomba uweke disketi ndani ya A.

Disketi! Ile ya plastiki ya inchi 3.5, inayobeba MB 1.44, chini ya wimbo mmoja wa MP3. Programu ya kuinstale ya XP, ya Windows 2000 na ya Server 2003 inarithi mambo ya miaka ya 1990, na katika hatua ile ya ekrani ya buluu haijui mahali pengine pa kuchukua piloti ila disketi. Unaweza kuweka kle USB, CD ingine, haitazami. Na wakati huohuo disketi ilikuwa inaondoka duniani. Apple iliuza iMac bila disketi tangu 1998. Sony, waliyoianzisha ile ya inchi 3.5, waliacha kuiuza Japani mwaka 2011. Kwa hiyo kontrolere mpya zilikuwa zinaingia kwa mlango wa mbele na lekteri ya disketi inatoka kwa mlango wa nyuma. Mashine nyingi za okazioni tunazopata huku zilizaliwa katikati ya mambo hayo mawili.

Mbele ya kugusa kitu

Kitu cha kwanza ni kuhakikisha kama diski ni nzima kweli. Haiombi pesa. Washa mashine na uangalie ekrani mbele ya CD kuanza. Kontrolere nyingi zinaonyesha ukurasa wao mdogo: jina la RAID, diski zilizomo, ukubwa wake na hali yake. Kwetu tulisoma pale neno "Normal", na diski mbili chini yake. Kama diski moja ingekuwa imekufa tungesoma "Degraded". Yule kijana aliupita ukurasa ule juu ulikaa sekunde mbili.

Ukitaka kuutazama vizuri, kwenye kontrolere za Intel za namna hii unafinya Ctrl na I pamoja. Kwenye serveri za HP zenye Smart Array ni F8. Ingia, soma, toka. Usichague kitu chochote kinachosema kuunda RAID mpya, kuifuta, ao kuianzisha upya. Nimeona watu wanaifuta RAID "ili CD ione diski". CD haitaona hata vile, na utakuwa umepoteza namna ya kusoma vyote vilivyokuwemo.

Kitu cha pili ni kuokoa data. Hapa ninarudilia mara mbili: okoa kwanza, instale nyuma. Tulichukua CD ya Linux inayowaka bila kuinstale chochote. Linux iko na piloti nyingi ndani yake, na ina programu, mdadm na dmraid, ambazo zinatambua RAID za Intel na za wengine. Tulifungua ile sehemu ya D kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika, na tukakopia yote kwenye diski ya nje ya USB. Kazi ilichukua usiku mzima na jeneratere ikanywa mafuta, lakini asubuhi sauti za wazee zilikuwa mahali pawili. Kuanzia pale hata nikikosea, nimekosea kwa mashine, si kwa historia ya mji.

Tukiwa mule ndani ya Linux tuliandika amri moja, lspci -nn. Inaonyesha kila kipande cha mashine na namba yake. Kontrolere yetu ilikuwa 8086:27c3. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji, na 8086 ni Intel. Ya pili ni ya kipande chenyewe. Iandike kwenye karatasi. Piloti ukiichagua kwa kukisia jina utapoteza CD tatu ine, lakini ukiichagua kwa namba unafika moja kwa moja.

Njia za mkato, na hatari zake

Kuko njia kadhaa, na fundi kila mmoja atakupa yake.

Ya kwanza ni lekteri ya disketi ya USB. Zinapatikana bado, bei si kubwa. Wengi wananunua na inawaumiza, juu programu ya kuinstale ya XP inatambua aina chache tu za lekteri hizo. Kitu kinachopita ni hiki: mara ya kwanza inasoma disketi vizuri, unafurahi, unachagua piloti. Kisha, wakati wa kukopia fichye, inaomba tena disketi ile ile ndani ya A, unafinya Entrée, inaomba tena, unafinya tena, mpaka jua linazama. Kama unayo tayari, jaribu: ichomeke mbele ya kuwasha mashine, na usitoe disketi mpaka mashine ijizime na kuwaka upya mara ya kwanza. Kama huna, usiende kununua kwa matumaini.

Ya pili ni ile mafundi wanapenda sana: kuingia mu BIOS na kubadilisha kontrolere kutoka RAID kwenda IDE. Kweli, XP itaona diski papo hapo, bila piloti. Lakini itaona diski mbili mbali mbali. RAID yako imelala. Ukiinstale juu ya moja, ile kaye ya pili haifanani tena na ya kwanza. Kama ilikuwa RAID 0 ao RAID 5, umekwisha kuandika juu ya vipande vya data. Njia hii ni sawa kwa mashine isiyo na kitu ndani, ambayo mwenyewe hatafuti RAID. Fundi akikupendekezea, muulize swali moja: nyuma ya kazi hii diski zangu zitaendelea kuandika pamoja? Kama anatazama chini, umejibiwa.

Kwa serveri za kweli, zile za HP ProLiant ao Dell PowerEdge za miaka ile, mtengenezaji alitoa CD yake ya kuanzia. Ya HP inaitwa SmartStart. Unawasha mashine nayo, inakuuliza unataka Windows gani, kisha inakuomba CD ya Windows na yenyewe inatia piloti mahali pake. Wachuuzi wengi wanatupa hizo CD ao hawazijui. Ukinunua serveri, iulizie CD hiyo mbele ya kulipa. Serveri hizo mara nyingi ziko pia na karte ya kuongoza kutoka mbali, iLO kwa HP na DRAC kwa Dell, ambayo inaweza kuidanganya mashine kwamba iko na disketi, wakati disketi ile ni fichye tu kwenye mashine ingine.

Na kama hauna sababu ya kubaki na XP, usibaki. Tangu Windows Vista, iliyofika kwa watu wote mwezi wa kwanza 2007, ukurasa wa kuchagua diski uko na butoni ya kupakia piloti kutoka kle USB, CD ao DVD. Shida ya disketi ilikwishia pale. Linux nayo inaweza kutengeneza RAID yake yenyewe wakati wa kuinstale, bila kontrolere ya pekee. Ni wale walio na karte ya sauti kama yetu, ao mashine ya laboratware, ao programu ya hesabu ya zamani, ndio wanabaki kwenye XP. Kwa hao ninaendelea.

Kutia piloti ndani ya CD yenyewe

Njia tuliyofuata ni hii: kama CD haiwezi kuchukua piloti nje, basi piloti iingie ndani ya CD. Unatengeneza CD mpya ya XP, inayofanana na ile ya kwanza, lakini inayoijua kontrolere yako tangu mwanzo. Huhitaji F6, huhitaji disketi.

Unahitaji mashine ya pili inayotembea na Windows, CD yako ya XP pamoja na namba yake ya ruhusa iliyobandikwa kwenye mashine, CD tupu, na programu ndogo ya bure inayoitwa nLite. Piloti unaichukua kwa mtengenezaji wa kontrolere ao wa mashine. Hapa watu wengi wanaanguka. Piloti inakuja kwa namna mbili: moja ni programu ya kufinya mara mbili na kuinstale, ambayo haitusaidii kitu, ingine ni fichye zilizotengenezwa kwa ajili ya disketi ya F6. Unatafuta hii ya pili, hata kama disketi huna. Kwa Intel jina la fichye linaanza na f6flpy. Ukiifungua utaona vitu vichache: fichye inayoishia na .sys, ambayo ndiyo piloti yenyewe, zingine zinazoishia na .inf na .cat, na moja inaitwa txtsetup.oem. Hii ya mwisho ndiyo orodha ambayo ekrani ya buluu inasoma. Ikikosekana, dosie hiyo si yenyewe.

Angalia pia kama ni ya biti 32 ao 64. XP karibu zote tulizo nazo huku ni za biti 32. Piloti ya 64 haitaingia hata uisukume.

Basi, kopia CD yote ya XP ndani ya dosie moja kwenye diski ya mashine ya pili. Fungua nLite, ionyeshe dosie hiyo. Kama CD yako ni ya zamani, isiyo na Service Pack, tia kwanza Service Pack 3, ile ya mwaka 2008. XP ya kwanza kabisa ina taabu na diski zinazopita GB 137, na piloti nyingi za RAID zinakataa kufanya kazi juu yake. Kisha chagua kazi mbili tu: kutia piloti, na kutengeneza fichye ya ISO inayoweza kuwaka. nLite inaweza pia kuondoa vipande vya Windows ili iwe nyepesi. Achana nayo. Kijana wetu wa pili aliondoa vitu "visivyo na kazi", na imprimante ikakataa mpaka tukaanza upya.

Kwenye ukurasa wa piloti, ionyeshe fichye ya .inf. nLite itakuuliza kama ni piloti ya kawaida ao ya "textmode". Jibu ni textmode, bila kusita. Ya kawaida inaingia kazini wakati Windows imekwisha kuwaka, na sisi tunaihitaji mbele, pale pale kwenye ekrani ya buluu. Nadhani nusu ya watu wanaosema "nilijaribu nLite ikashindwa" walikosea swali hili moja.

Kisha inakupa orodha ya majina ya kontrolere. Ndio wakati wa kutoa ile karatasi yenye namba. Namba 27c3 inaangukia kwenye mustari wa ICH7R, ile ya RAID. Jirani yake kuko jina karibu sawa linaloishia na AHCI. Hilo ni la 27c1, kipande kile kile kikiwa katika hali ingine, na si letu.

Endelea mpaka mwisho, tengeneza ISO, igrave kwenye CD. Usigrave mbio. Lekteri za zamani zinachukia CD zilizograviwa kwa haraka, na fichye moja ikikosa kusomeka katikati utaanza kushuku piloti bure. Na fanya kazi hii chini ya onduleri. Delestaji ikikukuta katikati ya kugrave, CD imekwenda.

Siku ya kuinstale

Tuliwasha "mzee" na CD mpya siku ya posho mchana, wakati studio haina kipindi cha moja kwa moja. Hatukufinya F6. Ekrani ya buluu ikapakia vitu vyake, na mwishowe ukurasa wa diski ukafunguka. Kulikuwa mistari miwili: sehemu moja ya GB 40, ingine ya GB 190 na zaidi. Yule mama mtangazaji akaniuliza kama hiyo ya pili ndio sauti. Nikamwambia ndiyo, mama, ni yenyewe.

Hapa mikono inatetemeka, na ni vema itetemeke. Usitazame herufi za C na D, juu programu ya kuinstale inaweza kuzipanga kwa namna yake. Tazama ukubwa. Tulijua Windows ilikuwa ndani ya ile ya GB 40, tukaiformate hiyo peke yake na hatukugusa ingine. Kama RAID yako ni kubwa sana, jua pia kwamba XP ya biti 32 haiwezi kutumia diski inayopita TB 2. Lazima kontrolere iigawanye.

Ikiwa diski zinaonekana, fichye zinakopiwa, halafu kwenye kuwaka upya unapata ekrani ya buluu yenye namba 0x0000007B, maana yake ni kwamba Windows imepoteza mlango wa kwenda kwenye diski. Mara nyingi ni piloti ya jirani, ao mtu alibadilisha hali ya kontrolere mu BIOS katikati ya kazi. Rudi kwenye namba. Kwetu haikutokea kwa CD ya mwisho. Kwa ile mbele yake ilitokea, juu nilichagua ule mustari wa AHCI mwenyewe, nikiwa na karatasi mkononi.

Karte ya sauti ilitambuliwa saa kumi na moja za jioni. Tulifungua sehemu ya D, tukasikiliza faili moja bila kuchagua: mzee mmoja wa Walungu akieleza namna walivyokuwa wanavuka mto zamani. Sauti safi.

Mambo mawili yalibaki. XP haipati tena marekebisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014, na Server 2003 tangu tarehe 14 Julai 2015, kwa hiyo tulichomoa kamba ya intaneti kwenye "mzee". Vipindi vinaingia kwa kle ambayo imepita kwanza kwenye mashine ingine yenye kinga ya virusi. La pili ni kwamba RAID 1 inaandika makosa pia mara mbili: ukifuta kipindi kwenye diski moja, kimefutwa kwenye zote mbili sekunde ile ile, na moto ao mwizi anachukua sanduku lote. Ile diski ya nje ya USB haikurudi kwenye studio. Inalala mu nyumba ya mmoja wetu, mtaa mwingine, na kila mwisho wa mwezi inakuja kuongezewa na kuondoka tena jioni.

Ndani ya kifuniko cha "mzee" tumebandika karatasi yenye plastiki juu: 8086:27c3, RAID 1, Windows ni ile ya GB 40, CD iko mu droo ya mtunza hesabu. Fundi yeyote atakayekuja, tunamfungulia kifuniko kwanza.